Korosho Yetu, Mashine ya Nani?

Hotuba kwenye mahafali ya chuo cha ufundi, Mtwara



Mkuu wa chuo ameniomba niseme maneno ya kuwatia moyo vijana. Nitajitahidi, ila mimi ni mtu wa karakana, na sijui kumtia fundi moyo kwa njia nyingine zaidi ya kuzungumza naye kazi.

Wahitimu, wengi wenu mmekulia jirani na kiwanda cha korosho ambacho hamjawahi kukisikia kikinguruma. Wa Masasi wanakijua cha kwao, wa Newala wanacho, Likombe hapa mjini kipo, na ndugu zetu wa Lindi, Mtama, Nachingwea na Tunduru hawakusahauliwa. Mmepita hapo mkienda shule. Pengine mliambiwa kwamba ni ghala, na kweli baadhi yake yamekuwa maghala. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu mnaingia kwenye soko la kazi wakati kila mtu anahubiri viwanda, na si vizuri fundi akaingia kwenye mahubiri hayo bila kujua yaliyopita.

Katika msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia, pamoja na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Lakini sehemu kubwa ya korosho hiyo ilipakiwa melini ikiwa na ganda lake, ikaenda India, ikabanguliwa na akina mama wa Kollam, katika jimbo la Kerala, na kutoka huko ikauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ya India. Viongozi wetu wakasema hili haliwezekani, na walisema kweli. Zikakopwa fedha Benki ya Dunia, ikanunuliwa mitambo ya Italia na Japani, vikajengwa viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi, hesabu ilikubali.

Viwanda vilipokuwa tayari, korosho hazikuwepo. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, pori likaimeza. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haimshawishi hata kufyeka. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Mitambo ilikaa ikisubiri korosho. Na pale korosho ilipopatikana, ikawa zamu ya kusubiri spea, na spea zinataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera zilikuwa adimu kuliko sukari dukani. Viwanda vikafa. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi havikufufuka.

Sisemi haya kuwadhihaki wazee wetu. Baadhi yao wamo humu ukumbini, na waliojenga viwanda vile walikuwa na nia njema kuliko wengi tunaolaumu leo. Nataka tu mtazame kitu kimoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusifanye fedha za wageni kuwa msingi wa maendeleo yetu. Haikupita miaka kumi tukawa tunajitoa kwenye utegemezi wa soko la India kwa mkopo wa nje, mitambo ya nje, wafungaji wa nje na michoro ya nje. Tulibadilisha mlango tu. Kiwanda kilichoagizwa kizima kizima ni bidhaa ya kuagiza kama redio au gari. Siku mwenye nacho akikunyima kipuri, huna kiwanda.

Sasa tazameni Vietnam. Wakati viwanda vyetu vinafungwa, wao walikuwa wageni kabisa kwenye biashara hii. Walianza na vifaa vidogo vya kubangulia, vinavyoendeshwa kwa mkono na mguu, na karakana zao zikawa zinavifungua, zinavikarabati, zinavirekebisha. Kufikia miaka ya 2000 karakana hizo zilikuwa zinatengeneza mashine za kubangua zinazojiendesha, na tangu mwaka 2006 Vietnam ndiyo inayouza nje korosho iliyobanguliwa kwa wingi kuliko nchi yoyote. Mavuno yao wenyewe hayawatoshi, kwa hiyo hununua ghafi Afrika Magharibi, Kambodia, na hapa kwetu. Sisi msimu wa 2024/25 tulivuna zaidi ya tani 500,000, mavuno ambayo hata wakati wa viwanda 12 hakuna aliyeyaota. Na sehemu kubwa ilipanda meli na ganda lake.

Vietnam haina ardhi bora ya mikorosho kuliko Tandahimba. Ilichonacho ni vijana kama ninyi ambao walipewa mashine mbovu na ruhusa ya kuifungua.

Nifafanue kidogo kwa wazazi ambao hawajaona kazi hii ndani. Korosho huchekechwa kwanza, kubwa zikae na kubwa, ndogo na ndogo. Hutiwa mvuke, hupozwa, ndipo huja kisu. Nafasi ya kisu ikiwa pana, ganda halifunguki. Ikiwa nyembamba, kisu kinaingia kwenye punje. Na hapo ndipo pesa ilipo, kwa sababu punje nzima na vipande haviuzwi bei moja hata kidogo. Kilo nne za ghafi hukupa karibu kilo moja ya punje, basi ukivunja hovyo, umevunja faida yote. Mashine iliyoundwa kwa korosho ya nchi nyingine, yenye umbo lake na ukubwa wake, ikija hapa inataka fundi wa kuifundisha upya. Fundi huyo akitoka nje ya nchi kila mara, analipwa tiketi, hoteli na posho, na akiondoka ameondoka na alichokijua.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu tunaweza kukitengeneza sisi. Hotuba nyingi za kujitegemea huharibika hapo: mzungumzaji anapanda jukwaani anafuta bidhaa zote za nje kwa maneno, anashuka, anampigia dereva kwa simu ya kutoka China aje na gari la kutoka Japani. Tulitazame zao letu kipande kwa kipande, kwa macho ya fundi, tuone ni wapi tumefungwa kweli na ni wapi tumejifunga.

Mwezi Juni mikorosho inapoanza kutoa maua mkulima anataka salfa. Watafiti wetu wa kituo cha Naliendele, hapa hapa nje kidogo ya mji, walifanya kazi kubwa ya kuonyesha namna ya kupambana na ubwiriunga, na unga wa salfa ukawa kinga ya mkulima. Salfa hiyo inatoka nje. Duniani salfa nyingi hupatikana wakati wa kusafisha mafuta na gesi. Kuna kijana ataniuliza, si tuna gesi ya Mnazi Bay? Tunayo, ila gesi yetu ni safi, haina salfa ya kuvunwa. Kwa hiyo salfa tutaendelea kuinunua, na hakuna aibu. Kinachotakiwa hapo ni kuagiza mapema, kwa bei ya wazi, ifike kabla ya maua, na Naliendele waendelee kuzalisha miche inayostahimili ugonjwa ili mwaka hadi mwaka tuhitaji kidogo zaidi. Salfa inayofika Agosti ni hasara ya uzembe, msiitie kwenye hesabu ya utegemezi.

Mavuno yakianza, mkulima anataka gunia. Hapa ndipo huwa nashindwa kuwa mpole. Korosho inataka gunia linalopumua, ndiyo maana hatutumii viroba vya plastiki. Unyevu ukibaki ndani, punje inaharibika. Magunia tunayotumia ni ya juti, na juti inatoka Bangladesh na India. Haya, nchi gani hii inayoagiza nyuzi? Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 za katani, tukawa wa kwanza duniani. Moshi na Morogoro kuliwahi kufumwa magunia. Na bado kumepita misimu ambapo korosho imelala chini ghalani na mnada umesimama kwa sababu meli ya magunia haijafika.

Najua majibu yanayotolewa, na mengine ni ya kweli. Gunia la katani ni zito kuliko la juti na gharama yake iko juu. Mitambo ya nyuzi laini haipendi nyuzi ngumu. Soko la mkonge limekuwa likitafuta kamba na zulia, halitafuti magunia. Sawa. Lakini haya ni matatizo ya ufundi, na matatizo ya ufundi yana dawa. Tatizo ambalo halina dawa ya ufundi ni zabuni. Mwenye kiwanda cha nyuzi hawezi kuagiza mtambo wa magunia kama hajui atauza magunia mangapi mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Mwagizaji wa juti hahitaji kujua hivyo. Anasubiri tangazo, analeta shehena, anaondoka. Tunapotoa zabuni ya msimu mmoja mmoja, dakika za mwisho, kwa dharura, tumeshamchagua mshindi kabla bahasha hazijafunguliwa. Na dharura, ndugu zangu, kila mwaka inazaliwa Septemba ile ile. Kuna watu wanaoila. Asilimia kumi ya shehena kubwa inayotoka mbali ni tamu kuliko asilimia kumi ya gunia la Morogoro, ambalo bei yake kila mtu anaweza kwenda kuiuliza.

Ndiyo maana niliposikia mada ya leo ni kupunguza utegemezi, sikutaka kuzungumza uchumi peke yake. Utegemezi wetu mwingi umetiwa saini na Mtanzania mwenzetu. Bunge limetunga Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 yenye upendeleo kwa mzalishaji wa ndani, na zabuni za umma siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, ambao umejengwa na wataalamu wetu. Mfumo wa malipo ya Serikali wenye zile namba za malipo mnazolipia leseni na ada umefanya kazi tangu mwaka 2017, nao ni kazi ya mikono ya hapa. Kumbe tunaweza kuunda vitu vinavyotumiwa na nchi nzima kila siku. Lakini mfumo hausomi moyo wa anayeandika vigezo vya zabuni, akachomeka sifa moja ndogo ambayo anajua ni kampuni moja tu ya nje inayo.

Na sisi huku chini hatuko salama katika hili. Nitasema jambo ambalo viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, wanalijua na wakulima wanalijua. Korosho za kusini zimewahi kufika kwa mnunuzi ng'ambo zikiwa na kokoto ndani ya gunia. Kokoto! Mtu kalima mwaka mzima, mwingine kachota changarawe kuongeza uzito. Aliyefanya hivyo alipata kilo chache. Mkoa mzima ulilipa kwa bei, kwa ukaguzi, kwa mnunuzi kusema moyoni kwamba hawa ndio walivyo. Na kangomba nayo: mtu anamfuata mkulima mwezi wa njaa, ananunua kwa kipimo cha hila korosho ambayo haijaanguka mtini, kisha anaipitisha kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani kama ya kwake. Huyo hakutoka Hanoi wala Mumbai. Tunapodai dunia ituheshimu kwa kuongeza thamani, mnunuzi wa punje zilizobanguliwa ni mkali mara nyingi kuliko wa ghafi: anataka uzito kamili, usafi, siku ya kufika, na anataka hivyo kila mara. Kiwanda kinaweza kununuliwa kwa mkopo. Uaminifu wa aina hiyo hakuna benki inayoukopesha.

Mnakumbuka mwaka 2018. Bei za mnadani zilishuka, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia Mtwara. Wapo walioshangilia na wapo waliosubiri malipo kwa muda mrefu. Sitaki kufungua kesi hiyo hapa. Ninachokitaja ni kwamba nia ya kubangua wenyewe ilikuwepo, tena ilitamkwa na mkuu wa nchi. Zilipohesabiwa mashine zilizokuwa zinafanya kazi, uwezo ulikuwa mdogo mno mbele ya mavuno, na sehemu kubwa ikaishia kuuzwa ghafi. Amri haibangui korosho. Miaka arobaini ya kutofundisha mafundi haifidiwi na wiki sita za uzalendo.

Jirani zetu wa Msumbiji walionja kinyume chake. Miaka ya 1990 walishinikizwa kupunguza ushuru wa kusafirisha ghafi, viwanda vyao vikubwa vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Lakini miaka iliyofuata, kule Nampula, vikaanza kuchipuka viwanda vidogo vya kubangua kwa mashine za mkono, zile zile ambazo watu wa mitambo mikubwa walizicheka. Zinaajiri watu wengi, zinavunja punje chache, na ikikatika springi fundi wa kijijini anaifunga nyingine. Hapa kwetu SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwepo tangu mwaka 1973, inatengeneza na kufundisha vifaa vya ukubwa huo huo. Wakulima wa Newala na Tandahimba kupitia chama chao cha TANECU wamejenga kiwanda chao Mmovo. Hizo ndizo habari ninazotaka zipigiwe vigelegele, ila zipigiwe na kukaguliwa.

Kukaguliwa, nasema, kwa sababu kuna mtego mwingine. Tukishasema kitu ni cha nyumbani, tunaanza kuona haya kusema kibovu. Wahitimu, msikubali kulelewa hivyo. Ukikereza shafti ikapinda, usimwambie mteja avumilie kwa ajili ya nchi yake. Ukitengeneza kisu kutokana na springi ya gari bila kukitia joto sawasawa, kitakufa kabla ya tani ya kwanza, na mama aliyekopa kwenye kikundi cha VICOBA kununua mashine yako atapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta ya kigeni, na atakuwa na haki. Mwananchi ana wajibu wa kutujaribu. Akishatujaribu, wajibu unahamia kwetu.

Na akina mama wanaobangua. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua vidole. Wanaojua wanapaka majivu au mafuta mikononi ndipo wanaanza kazi. Sitaki kusikia kiwanda chetu kimeshinda cha nje kwa sababu kimeokoa bei ya glavu. Mafuta hayo hayo, kwa taarifa yenu, ni malighafi ya rangi na ya breki za magari. Tunayasafirisha bure ndani ya ganda, halafu tunanunua breki. Mmoja wenu mwenye kichwa cha kemia alichukue hilo, mimi naliacha hapo.

Basi nimalizie na viongozi wa ushirika, maana wahitimu hawana zabuni ya kutoa, ninyi mnayo. Minada inafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo mtasaini mikataba ya mashine, na wauzaji wataleta mafundi wao kuzifunga. Naomba kila mkataba useme kwamba wahitimu wawili wa chuo hiki watakuwa pale tangu boliti ya kwanza hadi siku mashine inapokabidhiwa, kwamba wataifungua na kuifunga wenyewe mbele ya mwuzaji, na kwamba michoro ya visu, shafti na gia inabaki kwenye kabati la chama. Gharama yake ni posho ya vijana wawili. Mwuzaji atakayekataa kipengele hicho, mshukuruni kwa kuja, kisha mwite anayefuata.

Mkuu wa chuo, vyeti viko tayari.